Kiongozi, Msafiri na Mwenyeji: Safari ya Marhala Sitini katika Maisha ya Tippu Tip

1.0 Utangulizi

Mji wa Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekatwa na mto Lualaba. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, pamoja na stesheni ya reli itokayo kusini. Komini ya Alunguli iko peke yake ukingo wa mashariki. Mkazi wa Alunguli mwenye haja upande wa pili hana budi kuvuka maji, na avukaye maji humtegemea mwenye kasia. Jambo hili dogo la kila siku linafaa kutangulizwa katika mjadala wa kitabu ambacho karibu wahakiki wote wamekisoma kutoka Unguja, Berlin au London, ilhali sehemu yake kubwa inatendeka katika nchi ya Lualaba.

Kitabu hicho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Makala haya yanachunguza kisa kimoja tu kilichomo: safari aliyoiongoza kwa malipo mwishoni mwa mwaka 1876, alipomsindikiza Henry Morton Stanley kutoka Nyangwe kuelekea kaskazini, kwanza ndani ya msitu na kisha kando ya mto, hadi kulipita eneo ambalo Kindu na Alunguli zipo leo. Kisa hicho kimezoeleka kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Hapa kinasomwa kama kazi ya nathari, na swali linaloulizwa ni la kiusimulizi: katika safari ya kuongozwa, nani husimulia, nani huonwa, na nani hukosa sauti? Hoja inayotetewa ni kwamba Maisha ni simulizi ya kiongozi, si ya msafiri. Tofauti hiyo inaeleza uzuri wa fani yake, na inaeleza pia upungufu wake mkubwa.

2.0 Matini na njia yake

Tippu Tip alizaliwa Unguja baina ya miaka ya 1830 na 1840, akafariki huko huko mwaka 1905. Katika miaka yake ya mwisho aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Unguja, aliigeuza matini hiyo kuwa ya hati za Kilatini, akaitoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ikiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki la 1958 na 1959. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi, iliyochapishwa Brussels.

Historia hii ya uchapishaji si jambo la pembeni. Mwanafunzi wa Maniema anayetaka kusoma habari za nchi yake katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili huelekea kuipata kwanza kwa Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya maktaba na ya mitihani. Kiswahili chake yeye, ambacho wataalamu walikizoea kwa jina la Kingwana, kilifika kwa misafara ileile inayosimuliwa kitabuni. Hivyo kitabu kimetoka Maniema kwa Kiswahili, kikazunguka Ulaya, kikarudi Maniema kwa lugha nyingine. Mhakiki anayeisoma matini ya Kiswahili huko Kindu anaifupisha njia hiyo, na anapata haki ya kuuliza maswali ambayo matoleo ya awali hayakuyauliza.

3.0 Mapatano: safari kama bidhaa

Safari ya kuongozwa huanza kwa mapatano. Mmoja ana fedha na hana njia. Wa pili ana njia na anataka fedha. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1878, ameyaorodhesha mapatano hayo kama karani: marhala sitini, kila marhala saa nne za mwendo, kwa malipo ya dola 5,000, ambazo ndizo riale za pwani. Tippu Tip katika Maisha anataja riale 7,000. Wanahistoria wamejishughulisha na swali la nani anasema kweli. Kwa mhakiki wa fasihi, tofauti yenyewe ndiyo yenye maana. Kila msimulizi ameitaja bei inayomfaa katika hadithi yake: Stanley ni mnunuzi aliyepata huduma kwa bei ya wastani, na Tippu Tip ni mtu ambaye thamani yake ilijulikana tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha saa nne kinastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyezoea barabara hupima safari kwa masafa, na mtu wa msafara huipima kwa siku, kambi na maji. Kwa kukubaliana juu ya marhala zenye saa maalumu, pande mbili ziliunganisha vipimo viwili: wa mgeni mwenye saa mkononi na wa kiongozi mwenye kujua wapagazi huchoka lini. Utaratibu huu haukufa pamoja na misafara. Hata leo mtalii anayenunua safari ya basi ya siku kadhaa katika majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani hununua siku, vituo na sauti ya mtu atakayemwambia anachokiona. Aliyelipa hufikiri kwamba amenunua nchi, kumbe amenunua njia aliyochaguliwa na mwingine.

Ndani ya majadiliano hayo Maisha yametia kisa kilicho miongoni mwa vipande bora vya kejeli katika nathari ya Kiswahili ya zama zile. Stanley anamwonesha mwenyeji wake bunduki inayotoa risasi kumi na tano kutoka mtutu mmoja. Tippu Tip anamtaka aipige; mgeni anasita, akisema ni afadhali alipe fedha kuliko kuipiga bure. Tippu Tip anaamini moyoni kwamba anadanganywa, naye anajibu kwa uongo wa makusudi: huko Rumami, asema, upo upinde utoao mishale ishirini kwa mara moja, na kila mshale huua mtu. Hapo mgeni anatoka nje na kupiga risasi kumi na mbili mfululizo.

Kejeli hii ina ncha mbili. Kwanza inamcheka mzungu: majigambo yake yanajibiwa kwa majigambo makubwa zaidi, kwa uso mkavu. Kisha inamgeukia msimulizi mwenyewe, kwani mwishowe bunduki inalia kweli na upinde haupo. Tippu Tip hakukificha kisa kinachomwonesha akikosea. Mtu aliyekusudia kujisifu tu angelikiacha nje. Ni dalili kwamba aliyekuwa akiandika alikuwa na sikio la mtambaji, anayejua kuwa hadhira humwamini zaidi mtu anayejicheka. Aidha, kisa hiki kinadokeza kiini cha safari nzima: kila mmoja wa hao wawili anamuuzia mwenziwe kitu asichoweza kukipima.

4.0 Kiongozi haelezi njia

Msomaji anayelinganisha Maisha na kitabu cha Stanley hushangazwa na ukame wa maelezo katika Maisha. Msafara ulitoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, ukaingia katika msitu mzito ulioko ukingo huohuo wa mashariki ambao Alunguli imejengwa. Stanley ametumia kurasa nyingi kuueleza: giza la mchana, matone yanayoanguka kutoka majani, matope, wabebaji wa vipande vya mashua wanaobaki nyuma. Kwake yeye msitu ni kiumbe chenye uadui. Katika Maisha msitu ni hesabu ya siku na ugumu wa kupitisha mizigo. Miti haina rangi na mto hauna sauti. Wahusika hutoka mahali, hufika mahali, huambiana maneno, huondoka.

Ni rahisi kuhukumu kwamba huu ni udhaifu wa fani, kwamba Tippu Tip hakuwa na jicho la kisanaa. Hukumu hiyo inachukua kipimo cha kitabu cha msafiri na kukitumia kwa kitabu cha kiongozi. Anayeona mahali kwa mara ya kwanza hulazimika kupaeleza, kwa kuwa maelezo ndiyo mali atakayorudi nayo nyumbani. Anayeishi kwa kupita mahali haelezi. Anakumbuka nani alidai hongo, nani alitoa chakula, wapi pembe zilipatikana, siku ngapi mpaka maji. Kwa kiongozi, nchi ni mtandao wa watu na madeni kabla haijawa mandhari. Ndiyo maana Maisha yamejengwa kwa mazungumzo zaidi ya maelezo, na kwa mfululizo wa vitenzi vya -ka- vinavyosukumana bila kupumzika. Mwendo wa sentensi ni mwendo wa msafara.

Nathari ya Kiswahili yenyewe inatoa ushahidi wa hoja hii. Katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa mwaka 1901, imo habari ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 katika nchi za Urusi na Siberia hadi Asia ya Kati. Selim alikuwa Mswahili aliyeongozwa. Hakuichagua njia, hakuilipia, na nchi hizo hazikuwa na deni naye. Matokeo yake ni kwamba Selim anaeleza: watu, mavazi, makazi, vyakula, desturi, baridi. Ana jicho la mgeni na mshangao wa mgeni. Kama upungufu wa maelezo katika Maisha ungetokana na upungufu wa nathari ya Kiswahili ya wakati ule, Selim naye asingeeleza. Tofauti baina ya maandishi hayo mawili haitokani na uwezo wa lugha, bali na nafasi ya msimulizi ndani ya msafara: mmoja yuko mbele akiijua njia, mwingine yuko nyuma akiitazama.

Uchambuzi wa tanzu za safari katika Kiswahili haujaipa tofauti hii uzito unaostahili. Mara nyingi maandishi hayo huwekwa kapu moja kwa jina la habari za safari. Ingefaa yatenganishwe kwa kuuliza kwanza nani alikuwa akilipwa na nani alikuwa akilipa.

5.0 Mwenyeji yuko wapi?

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inadhani kwamba pande ni mbili. Katika safari ya 1876 pande zilikuwa tatu. Alikuwapo msafiri, Stanley. Alikuwapo kiongozi, Tippu Tip. Na walikuwapo wenye nchi. Kiongozi alizaliwa Unguja, na kwa hakika alikuwa mgeni pia. Nguvu ya kisanaa ya Maisha, na pia hila yake, ni kumfanya msomaji asahau jambo hilo. Mbele ya Stanley, Tippu Tip anazungumza kama mwenyeji.

Jinsi mgeni anavyogeuka mwenyeji imesimuliwa waziwazi mapema zaidi kitabuni, katika kisa cha Kasongo Rushie wa Utetera. Tippu Tip alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa mtawala huyo waliotekwa zamani. Akaichukua habari hiyo, akajifanya mjukuu wa mmoja wao kwa upande wa babu yake, na mtawala mzee akampokea kama damu yake na kumwachia madaraka. Msomaji hafichwi hila hiyo. Anashirikishwa, kama anayekonyezwa jicho. Ujanja wa sungura wa ngano za Kiswahili umehamishiwa hapa katika tawasifu, na msomaji huvutwa kucheka upande wa mjanja. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kusimama. Katika ngano, sungura ni mnyonge anayemshinda mwenye nguvu. Katika Maisha, mjanja ndiye mwenye bunduki, na kinachopatikana kwa hila ni mamlaka juu ya watu halisi, pembe zao na miili yao.

Upungufu huu unadhihirika zaidi katika masimulizi ya mto. Tarehe 19 Novemba msafara ulitokea ukingoni mwa Lualaba na kutaka kuvuka kwenda magharibi. Kwa mujibu wa Stanley, watu wa mto, Wagenya, hawakukubali kwa wepesi kuwavusha wageni hao. Walikuwa na sababu. Miaka mitano nyuma, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pwani waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni Nyangwe, na wengi walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. David Livingstone alishuhudia mauaji hayo na kuyaandika. Tippu Tip hakuwapo Nyangwe siku hiyo, lakini katika nchi ambayo soko na mto ni kitu kimoja, habari ya namna ile haikai mahali pamoja.

Mwenye mtumbwi anayekataa kumvusha mtu mwenye bunduki anatoa hoja. Hoja hiyo haimo katika Maisha, wala haimo katika kitabu cha Stanley isipokuwa kama kelele za watu wasiojulikana. Kwa msomaji wa Alunguli, ambaye huvuka mto uleule, hili ni pengo lisiloweza kupuuzwa. Wasimulizi wawili wanagombania nani alikuwa mkuu wa safari, na ugomvi wao unamsahaulisha msomaji kwamba palikuwa na mtu wa tatu aliyesimama majini, kasia mkononi, akiwatazama wote wawili.

Kimya kingine ni cha wapagazi na watumwa. Ndui na kuhara damu viliupiga msafara, na watu wengi wa Tippu Tip walikufa njiani. Hao walioufanya msafara uwe msafara wanatajwa kwa idadi na kwa jumla. Hapa Maisha na kitabu cha msafiri yanapatana kuliko yanavyotofautiana.

6.0 Mwisho wa mapatano

Ni wapi basi simulizi hizo mbili zinagongana? Ni pale inapohusu heshima. Stanley anaeleza kwamba tarehe 16 Novemba, baada ya siku chache tu za msitu, kiongozi alimjia akitaka mapatano yavunjwe, na kwamba yalifanywa mapatano mapya ya marhala ishirini kwa dola 2,600. Katika Maisha Tippu Tip hajioneshi kama mtu aliyetaka kuukimbia msitu. Anayeonekana kuelemewa ni msafiri na mizigo yake.

Mgongano unarudi Vinya Njara, mahali walipoachana mwishoni mwa Desemba 1876. Watu wa Stanley waliogopa kuendelea na mto usiojulikana bila ya kiongozi. Katika kitabu cha Stanley, ni hotuba na uthabiti wake mwenyewe vilivyowarudishia moyo. Katika Maisha, ni Tippu Tip aliyekubaliana naye siri, kisha akawatisha kwamba yeyote atakayemwacha bwana wake na kumfuata yeye atakiona cha mtemakuni. Msimulizi wa kwanza anasema: niliwaongoza. Wa pili anajibu: uliongoza kwa kuwa nilikuachia watu. Hakuna haja ya kuamua nani mkweli ili kuona kwamba maandishi ya Tippu Tip, yaliyoandikwa robo ya karne baadaye, yanajibu simulizi ya mzungu ambayo dunia ilikuwa imekwisha kuiamini. Kwa maana hiyo, Maisha ni miongoni mwa kazi za mwanzo za Kiswahili zinazobishana na kitabu cha mgeni juu ya tukio lilelile.

Majibu hayo yanafikia kilele katika jambo dogo. Tippu Tip anasimulia kwamba aliahidiwa mengi, ikiwamo saa ya thamani yenye almasi, na kwamba kilichomfikia baadaye kilikuwa picha ya Stanley. Msimulizi haongezi maneno. Mtu aliyelipia safari amerudi kwao akawa maarufu, na kiongozi amepelekewa sura ya msafiri aitazame. Katika uchache wake, kisa hiki kinasema juu ya uhusiano wa pande hizo mbili mambo ambayo kurasa kumi za malalamiko zisingeyasema. Msafiri masikini ajapokuwa sultani, yasema methali. Lakini umasikini wa msafiri huisha akifika kwao, na hapo deni la njiani husahauliwa.

Hata hivyo, huruma ambayo kisa hiki kinaiamsha lazima iwekewe mpaka. Anayelalamika kwamba hakulipwa haki yake ni mtu aliyejenga utajiri wake kwa pembe na kwa watu ambao nao hawakulipwa haki yao. Maisha yanamfundisha msomaji kuona dhuluma ya picha iliyotumwa badala ya saa, na hayamfundishi kuona dhuluma ya mpagazi aliyezikwa msituni. Uhakiki unaoishia kwenye ushujaa wa Mswahili aliyemjibu mzungu umesoma nusu ya kitabu.

7.0 Kukisoma kitabu Alunguli

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya mfalme Leopold wa Pili, kwa mapatano aliyofanya tena na Stanley. Mwaka 1890 aliondoka Kongo. Baina ya 1892 na 1894 majeshi ya dola hiyo yaliwapiga wafanyabiashara wa pwani na washirika wao. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo. Njia ambayo kiongozi aliiuza kwa marhala ilikuwa imepata mnunuzi wa jumla. Mapema katika karne ya ishirini reli ilifika Kindu, na mji ukakua ukingo wa magharibi, kwenye stesheni.

Kilichobaki kutokana na misafara ni lugha. Jina Kingwana linatokana na wangwana, watu huru, kama watu wa pwani walivyojiita. Lugha iliyopewa jina la watu huru ilienezwa pia na watu wasio huru: watumwa, wapagazi, wanawake waliochukuliwa, vijana waliolelewa katika kambi. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Kongo, na huko Maniema ni lugha ya soko, ya mtumbwi, ya ibada na ya mapenzi. Mzungumzaji wake wa Alunguli ni mrithi wa nani? Wa kiongozi, wa mpagazi, au wa Mgenya aliyekataa kuvusha? Jibu la uaminifu ni kwamba huenda ni wa wote watatu, na kitabu kimempa sauti mmoja tu.

Kutokana na hali hiyo yapo makosa mawili ambayo ufundishaji wa Maisha unaweza kuyafanya. La kwanza ni kukitukuza kitabu kwa kuwa ni cha kale na ni cha Kiswahili, na kumfanya mwanafunzi wa Maniema ashangilie safari iliyofanywa juu ya migongo ya mababu zake. La pili ni kukitupa kwa kuwa mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kosa hili la pili linaonekana kuwa na uadilifu zaidi, lakini linamwachia Stanley uwanja wote, kwani bila ya Maisha simulizi ya safari hiyo itabaki ya upande mmoja, na upande huo si wa Lualaba.

Njia ya tatu ni kukisoma kitabu kwa jicho la mtu anayesimama ukingoni. Mwanafunzi aulizwe katika kila ukurasa: nani ametajwa jina na nani ametajwa kwa idadi? Nani amesema na nani amesemewa? Maneno ya mwenye mtumbwi yangekuwa yapi? Pamoja na hayo, masimulizi ya mdomo ya watu wa mto na ya vijiji vya ukingo wa mashariki yakusanywe na kuwekwa kando ya matini, ili kitabu kisomwe katika mazungumzo badala ya upweke. Katika bonde la Monument Valley, lililo katika ardhi ya Wanavajo huko Marekani, wenyeji wenyewe leo huwaongoza watalii kati ya majabali na kuyaeleza kwa majina yao. Hilo halikuondoa dhuluma za historia yao, lakini limebadili nani anashika simulizi. Ufundishaji wa fasihi unaweza kufanya jambo lenye shabaha hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kisa cha safari ya 1876 katika Maisha kina umbo la mapatano yaliyofanywa, yakavunjika na kubishaniwa. Kwamba uchache wa maelezo yake unatokana na nafasi ya msimulizi kama kiongozi. Na kwamba kejeli yake, ingawa ni ya hali ya juu, inamficha mwenyeji nyuma ya ugomvi wa wageni wawili. Hukumu ya jumla ni kwamba Maisha ni kazi kubwa ya nathari ya Kiswahili, na ukubwa wake hauihitaji hadhira iyafumbie macho yaliyoachwa.

Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, nyumba ya Tippu Tip imekuwa miongoni mwa mahali ambapo waongozaji huwasimamisha watalii na kuwasimulia. Aliyekuwa akiongoza wageni kwa malipo amegeuka kuwa kitu ambacho wageni huoneshwa kwa malipo. Alunguli hakuna mlango kama huo wa kupigwa picha. Upo ukingo, upo mto, na wapo watu wanaovuka kila asubuhi kwa lugha iliyoletwa na msafara. Ni wao wanaopaswa kuulizwa sasa namna safari ile ilivyoonekana kutoka majini.